Usingizi umepaa? Leta boksi la balbu

Mimi ni fundi umeme, na siku hizi watu wananiuliza jambo lisilohusu waya kabisa: "Fundi, tangu tufunge hizi LED usingizi hauji mapema. Kuna nini?" Kabla sijajibu naomba nione boksi la balbu.

Wengi kwenye boksi husoma wati na bei, basi. Wewe tafuta namba inayoishia na herufi K (kelvini), inayoonyesha rangi ya mwanga. 2700K ni mwanga wa njano, unaokaribiana na wa balbu za zamani. 4000K ni mweupe wa ofisini. 6500K ni ule mweupe wenye ubuluu, nao ndio ninaoukuta vyumbani mara nyingi, kwa sababu mtu dukani huona unang'aa zaidi.

LED nyeupe ya kawaida kwa kweli ni chipu ya buluu iliyofunikwa unga wa njano. Chungulia kioo cha tochi iliyozimwa, utakiona kidoa chenyewe. Buluu inayopenya huchanganyika na njano, jicho likaona nyeupe. Sasa, nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na kinachoziamsha zaidi ni hiyo buluu. Ukiziamsha usiku, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Kwa hiyo chumba cha kulala kifungwe 2700K au chini ya hapo. Kisha angalia lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye balbu. LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Mtu anayeng'oa wati 60 akaweka LED ya wati 20 amejifungia taa ya uwanja wa mpira juu ya kitanda. Lumeni 400 zinatosha kubadili nguo na kutafuta soksi.

Mahali pa taa nako kuna maana. Masaa mawili matatu kabla ya kulala, zima ya dari, uwashe ndogo ya pembeni iliyogeuziwa ukuta. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi lilipendekeza kwamba katika masaa matatu ya mwisho mwanga unaofika jichoni usizidi laksi 10 (laksi hupima mwanga unaofika mahali), kwa kipimo maalumu kinachoipa buluu uzito zaidi, na mchana usipungue 250. Hiyo ya mchana watu huisahau. Toka nje asubuhi: hata kukiwa na mawingu utapata maelfu ya laksi, wakati sebuleni mara nyingi hata 500 hazifiki.

Ukiumwa kichwa chini ya taa fulani, shika kalamu, uipepee haraka mbele yake. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana badala ya ukungu mmoja laini, taa hiyo inapepesa. Kwenye umeme wa hezi 50 huwa ni mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila wapo wanaoumia. Badilisha balbu. Na kama una dima ukutani, yaani swichi ya kupunguza mwanga, nunua LED iliyoandikwa kwamba inakubali dima, la sivyo utaongeza tatizo.

Njia ya kwenda chooni inataka kitaa kidogo cha rangi ya chungwa au chekundu, karibu na sakafu. Taa za chaja na televisheni zibandike utepe mweusi.

Kuhusu upofu, tulia. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba hakuna ushahidi wa LED kuwadhuru moja kwa moja watu wenye afya katika matumizi ya kawaida. Ila usikodolee tochi, na mtoto mchanga asimulikwe usoni.

Kama hela inatosha balbu moja tu, anza na chumba cha watoto. Mboni zao ni kubwa na lenzi zao bado safi, hivyo buluu huingia nyingi kuliko kwa mtu mzima.