Betri imeshindaje? Namna tunavyochaji baiskeli 18 za umeme

Saa kumi na mbili jioni vijana wetu wa kusambaza chakula wanaanza kurudi, wengine kutoka Mbezi, wengine Masaki, wengine Kariakoo, na kila mmoja ana haraka achomeke betri, aoge, aende zake. Mimi nasimama mlangoni. Funguo za chumba cha chaji ninazo peke yangu, na hakuna betri inayoingia kabla sijaisalimia. Wananicheka, lakini salamu yenyewe ni ya kila siku: umeshindaje? Imeshinda juani? Imeanguka? Imenyeshewa? Majibu hayo ndiyo yanaamua ichajiwe saa ngapi, au isichajiwe kabisa.

Naanza na joto. Watengenezaji wengi wanakataza kuchaji betri ya lithiamu ikizidi nyuzi 45. Mwezi wa pili hapa Dar hewa yenyewe inapita nyuzi 30, na kasha jeusi lililopandisha Kimara na mzigo linakuwa na joto kuliko hewa. Naliwekea kiganja. Nikishindwa kukituliza, betri inakaa kivulini saa nzima. Kijana akinung'unika, basi na yeye anakaa kivulini.

Sasa chaja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miaka sita ya kutengeneza simu mtaa wa Aggrey ilinifundisha kwamba watu huangalia plagi kama inaingia, hawaangalii namba. Betri zetu zimeandikwa volti 48. Ndani yake seli zimepangwa mafungu 13 kwa mfululizo, na kila seli ikijaa inafika volti 4.2, kwa hiyo betri iliyojaa ina volti 54.6. Hiyo ndiyo namba inayotakiwa kusomeka mgongoni mwa chaja. Ziko betri za aina nyingine, za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), zenye mafungu 16, ambazo sokoni nazo huitwa za 48, na chaja yake inatoa volti 58.4. Plagi inaweza kuwa ileile.

Mwaka jana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, chaja mbili zikafa. Kijana akatumwa mjini, akarudi na mpya mbili, bei nafuu, tabasamu usoni. Usiku huo nikaona taa ya chaja moja inageuka kijani, inarudi nyekundu, kijani tena, kama inakonyeza. Nikachomoa, nikachukua mita nikapima mdomo wa chaja: 58.4. Gawa kwa 13 uone, kila seli ilikuwa inasukumwa kuelekea volti 4.49. Kilichotuokoa ni bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile BMS, ambayo ilikuwa inakata, volti zikishuka kidogo inafungulia, halafu inakata tena. Bodi hiyo ni golikipa. Mabeki wakilala, atadaka mara mbili tatu, lakini ipo siku atafungwa.

Tangu hapo kila chaja mpya inapimwa kwa mita kabla haijaiona betri. Kisha tunaipaka alama kwa rangi ya kucha (ya mdogo wangu, hajui imeishaje), na kuipa namba ya baiskeli yake. Chaja ya 7 ni ya betri ya 7. Hakuna kuazimana.

Kuhusu umeme wa ukutani, fanya hesabu kabla ya kununua chochote. Chaja ya ampea 3 inavuta kama wati 190. Zidisha kwa 18 unapata wati 3,420, karibu ampea 15 kwa umeme wetu wa volti 230. Ekstensheni imeandikwa 13, na zile za bei ya chini waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Yetu ya kwanza ilikuwa imeshageuka kahawia kwenye matundu kabla mtu hajauliza kwa nini inanuka. Tulimwita fundi umeme akavuta laini mbili kutoka kwenye bodi kuu ya umeme ya ukutani, kila moja na sakiti breka yake, chaja tisa kila upande. Iligharimu pesa nyingi. Bosi alilalamika wiki nzima.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya ndani, chini ya ngazi, pamoja na maboksi. Mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu moto ukianzia chini ya ngazi walio juu hawana pa kupita. Tulihamia banda la uani: tofali, sakafu ya saruji, matundu ya hewa juu, rafu za chuma. Mbao hakuna, boksi hakuna. Kati ya betri na betri naacha kiganja kimoja na nusu, na chaja haikai juu ya betri hata kama nafasi imebana. Mlinzi wetu alikuwa anapenda kulala humo masika kwa sababu mna joto. Nilimwambia, "Mzee wangu, hapa hata mimi silali." Alihamisha jamvi lake siku hiyohiyo.

Tunachaji kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano, na muda wote huo mtu yuko macho. Saa tano nazima breka zote mbili, iliyojaa na isiyojaa. Isiyojaa itaendelea saa kumi na mbili asubuhi nikifika. Bosi aliwahi kuniuliza kama sizidishi. Nikamwambia habari za New York, ambako vijana wa kusambaza chakula, kazi ileile yetu, walikuwa wakichaji ndani ya nyumba za kuishi: mwaka 2023 peke yake jiji hilo lilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Septemba mwaka huohuo sheria ya jiji ikaanza kukataza kuuza betri za baiskeli zisizo na cheti cha usalama. Ukiagiza betri, tafuta alama ya UL 2271, kiwango cha usalama cha betri za aina hii, kwenye lebo, na mwombe muuzaji cheti chenyewe, maana lebo huchapishwa popote.

Siku za kawaida sizijazi hadi juu kabisa. Zikifika kama asilimia 90 nachomoa, zinadumu zaidi. Jumamosi ndiyo naziacha zijae na kuongeza nusu saa baada ya taa ya kijani, ili bodi isawazishe seli. Baiskeli inayolala wiki nyingi inaachwa nusu, kama volti 47 au 48, na inapimwa kila mwezi. Ikishasahaulika mpaka ikaanguka chini ya volti 32, usimpe fundi "aishtue". Ndani ya seli shaba huenda imeshaanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kuunganisha pande mbili zisizotakiwa kukutana.

Betri iliyozama maji, tuseme Jangwani pamefurika na kijana akajifanya shujaa, haiingii bandani. Inakaa uani, mbali na ukuta, siku kadhaa, kisha inafunguliwa na fundi anayezijua. Maji ya bahari ni mabaya zaidi.

Iliyoanguka ndiyo ilikuwa shida yetu kubwa, na kosa lilikuwa letu sisi ofisini. Kijana akianguka alikuwa anakatwa shilingi 20,000. Matokeo yake hakuna aliyeanguka! Betri ya 9 ilikuja safi, imefutwa, nikaichomeka kwenye chaji. Baada ya dakika 40 nikasikia harufu tamu, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na kasha limetuna upande mmoja. Hapakuwa na moshi bado. Nikazima breka, nikavaa glavu, nikaibeba hadi katikati ya uani na kuiacha pale. Kama ingekuwa inatoa moshi nisingeigusa. Moshi ule ni sumu, na kati ya moshi na ndimi za moto zinaweza kupita sekunde tu. Hapo unatoa watu, unafunga mlango, unapiga 114, zimamoto. Mtungi wa unga unaweza kuua ndimi, lakini haupoozi seli, nazo zikibaki na joto zitawaka tena, hata baada ya saa nyingi. Kinachopooza ni maji, tena mengi, na ukiwa mbali, baada ya umeme kukatwa.

Asubuhi yake nikaenda kwa bosi na lile kasha. Makato ya kuanguka yakafutwa. Badala yake pana daftari mlangoni: tarehe, namba, imeshindaje. Kijana wa 9 siku hizi anaanza kupiga kelele tangu getini, hata hajaamkia: "Dada, leo nimelala na baiskeli pale Shekilango!" Namwonyesha uani. Anaiweka mwenyewe.