Antene ya shaba ya kuongelea mu galeri na mu kulwari ndefu

Batu wengi hapa Lubumbashi, redio ikikataa mu galeri (njia ya chini ya udongo mu mgodi), wanakimbilia kutafuta redio ya nguvu zaidi. Muache kwanza. Mu tuneli frekansi na mahali ya antene njo vinasaidia sana, nguvu inasaidia kidogo tu.

Juu tuneli inabeba mawimbi sawa bomba, na bomba nyembamba haipitishi wimbi refu. Galeri ya upana wa metre 4, chini ya megahezi 37 hivi wimbi inakufa karibu na mlango, hata 150 inachoka haraka juu ukuta wa mawe unakula, lakini kuanzia 400 mpaka kupita 1000 inaenda mbali kabisa kama galeri imenyooka. Njo maana nataka antene moja ya kushika frekansi nyingi, ujaribu 450, ujaribu na 2400 ya waifai, bila kutengeneza ingine.

Kata duara ya bati ya shaba ya kipenyo sm 14. Chukua plake ya aliminyumu sm 40 kwa 40, toboa katikati, funga konekta ya N (kichwa cha kufungia kabo ya antene), pini yake ipite bila kugusa plake. Duara inasimama juu ya pini, na kati ya ukingo wake na plake inabaki pengo ya mm 2. Hapa usiharakishe, hiyo pengo njo antene yenyewe: weka kartoni ya mm 2 chini ya duara, chomelea duara kwa pini na risasi ya kuchomelea, ikipoa vuta kartoni polepole. Ukitaka ukubwa ingine, zidisha kipenyo cha mm kwa 1.125, ongeza pengo, gawanya 72 kwa ile unapata: 140 inaleta 159.5, jibu ni gigahezi 0.45 hivi, kutoka pale kupanda juu inafanya kazi. Kama uko na NanoVNA (kamashini kadogo ka kupima antene), SWR, ile namba inaonyesha nguvu ngapi inarudi nyuma, ibaki chini ya 2.

Kuiweka: usibandike kwa ukuta kabisa! Wimbi iko na nguvu katikati ya galeri, pembeni inakuwa hafifu, kwa hiyo isogeze katikati vile unaweza bila kuzuia magari. Galeri ikiwa pana kuliko urefu wa juu, laza antene duara ielekee upande, na antene ya redio ya upande ingine ilale vilevile. Kabo iwe fupi, metre 10 ya RG-58 (kabo nyembamba ya antene) inakula karibu nusu ya nguvu pa 450.

Na hii naomba sana: usiwashe redio karibu na detonateri za umeme, wimbi inaweza kuzilipua, ulizeni kwanza wa usalama wa mgodi. Ruhusa ya frekansi iko kwa ARPTC, ofisi ya serikali ya Kongo ya kusimamia mawasiliano.

Pa kona frekansi ya juu inapoteza mingi, hapo weka repetere (mashini ya kupokea wimbi na kuirusha tena) kwenye makutano penyewe, mahali inaona njia zote mbili.