Kununua baiskeli ya mlima yenye shoki mbili na kuiweka sawa: hatua kwa hatua

Mteja akifika gereji na boksi jipya, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, nibadilishe nini?" Nami humjibu kwamba kabla ya kubadilisha chochote, kwanza tuiweke sawa hiyo aliyonunua. Na kama wewe bado hujanunua, ni heri zaidi, maana kuna vitu viwili ambavyo ni ghali mno kubadilisha baadaye: fremu na shoki ya nyuma. Tairi, usukani, kiti, gea na breki vinafunguliwa na kufungwa vingine jioni moja. Kwa hiyo pesa ziende kwanza kwenye fremu na shoki, na zisiishie dukani. Ukiwa na shilingi laki tatu za Kenya, bakiza kama elfu arobaini za tairi, dawa ya pancha, pampu ya shoki na vipuri nitakavyovitaja.

Hatua ya 1: Anza na njia, si na baiskeli

Jiulize unaendesha wapi kila wikendi, si wapi unaota kuendesha. Njia za msitu wa Karura na barabara za vumbi za Hell's Gate hazihitaji shoki ya nyuma. Baiskeli yenye shoki ya mbele peke yake itakuwa nyepesi, itapanda vizuri na itakuachia pesa mfukoni. Nimewaambia watu hivi wakakasirika, lakini ndivyo ilivyo.

Mambo hubadilika ukianza kuteremka Ngong kwenye mawe yanayoviringika, au kupita kwenye mizizi ya msitu wa Kereita. Hapo tafuta baiskeli ambayo gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 120 hadi 140, yaani umbali linaoweza kupanda shoki ikibonyea. Canyon Neuron ya tangu 2023, kwa mfano, ina 130 nyuma na 140 mbele. Trek Fuel EX kizazi cha sita ina 140 nyuma na 150 mbele. Zile za 160 na 170 zimetengenezewa watu wanaoteremka miteremko mikali, mara nyingi wakiwa wamepandishwa juu kwa gari. Wewe utaipanda kwa miguu yako mwenyewe, na kwenye mwinuko wa Nairobi pumzi hazitoshi kwa kubeba chuma kisicho na kazi.

Hatua ya 2: Ukubwa

Herufi S, M na L hazina maana moja kwa kila kampuni. Tazama jedwali la vipimo, tafuta kipimo cha richi, yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa kranki (mhimili wa pedeli) hadi juu ya bomba linaloshika uma wa mbele, kisha ulinganishe na baiskeli unayoiendesha vizuri sasa. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kama njia zako ni za kona nyingi, kubwa kama unapenda mwendo.

Hatua ya 3: Ulizia vipuri kabla ya kulipa

Hapa ndipo mnunuzi wa kwetu anapotofautiana na wa Ulaya. Huko kipuri kikikosekana, kinaletwa kesho. Hapa utakingoja, kisha ukilipie ushuru. Muulize muuzaji maswali haya:

Hanga ya deraila ni ya aina gani? Hiki ni kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia deraila ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kwenye gea), na kimekusudiwa kuvunjika ili fremu ipone. Fremu nyingi mpya hutumia hanga ya pamoja ya UDH, iliyoletwa na kampuni ya vipuri ya SRAM mwaka 2019, na hiyo inapatikana kwa urahisi. Kama fremu ina hanga yake ya pekee, nunua mbili siku hiyo hiyo. Baiskeli ya bei ya pikipiki inaweza kulala stoo wiki nzima kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani.

Beringi za kranki zinafungwa kwa nyuzi au zinashindiliwa? Mimi huchagua za nyuzi. Zile za kushindilia huanza kulia vumbi likiingia, na kuzitoa kunahitaji vifaa maalumu. Uliza pia upana wa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma (milimita 148 ndiyo kawaida sasa) na kipenyo cha nguzo ya kiti, 30.9 au 31.6 mara nyingi. Andika namba hizo mahali.

Hatua ya 4: Kufungua boksi

Usibonyeze wenzo wa breki kabla diski haijaingia kati ya pedi. Ukibonyeza, pistoni zitatoka na pedi zitabanana.

Angalia breki ya mbele iko mkono upi. Aliyekulia kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kizamani, amezoea breki ya mbele mkono wa kulia. Baiskeli iliyoagizwa kutoka Ujerumani huja na ya mbele mkono wa kushoto, na siku ya mteremko mkono utakumbuka mazoea ya zamani. Kama paipu za breki zimepita ndani ya fremu, kuzibadilisha ni kazi ya fundi, ifanywe mapema.

Kaza bolti za usukani kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kawaida nyutoni mita 5 hadi 6, ila fuata namba iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe. Halafu zoeza breki: shika mwendo wa wastani, funga polepole hadi ukaribie kusimama, bila kuburuza tairi, rudia mara ishirini hivi kwa kila breki. Breki mpya ambayo haijazoezwa hupiga kelele na haishiki.

Hatua ya 5: Shoki

Hatua hii ni bure, na inabadilisha baiskeli kuliko kipuri chochote utakachonunua. Unahitaji pampu ya shoki tu. Ile ya petrol station haifai: hewa ya ndani ya shoki ni kidogo lakini shinikizo lake linaweza kuzidi psi 200.

Vaa kila unachobeba safarini, pamoja na maji. Kwa shoki ya nyuma anza na psi sawa na uzito wako kwa paundi. Kilo 75 ni kama 165. Bonyeza baiskeli mara kadhaa hewa isambae. Egemea ukuta, kaa kitini taratibu, sukuma kile kimpira cha duara kilicho kwenye nguzo ya shoki hadi kiguse muhuri wa vumbi (ule mpira mwanzoni mwa nguzo), kisha shuka bila kuruka. Pima umbali kimpira kilipoachwa. Shoki yenye mwendo wa milimita 50 inatakiwa kuzama kati ya 13 na 15, yaani asilimia 25 hadi 30. Ikizama zaidi ongeza psi 5 hadi 10, upime tena. Uma wa mbele uupime umesimama kwenye pedeli: wa milimita 140 uzame kama 28.

Sasa kirungu cha kuzungusha cha rangi nyekundu, kile kinachoamua shoki inarudi kwa kasi gani. Shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa. Baiskeli ikidunda mara mbili tatu, zungusha kuelekea upande wa taratibu. Ikizama na kurudi kwa uvivu, fungua mbonyeo mmoja mmoja. Ikipanda mara moja ikatulia, acha hapo.

Hatua ya 6: Tairi bila tyubu

Miiba ya mgunga haina huruma. Ukitoka Naivasha na tyubu, utaziba pancha hadi giza liingie. Toa tyubu, hakikisha utepe wa rimu haujachanika, funga valvu, mimina dawa mililita 100 hadi 120 kwa tairi ya inchi 29, kisha jaza kwa kishindo. Utasikia pa! pa! ukingo wa tairi ukikaa kwenye rimu. Usiposikia, paka maji ya sabuni ujaribu tena. Zungusha gurudumu pande zote, lilaze kila upande kwa muda.

Kwa mtu wa kilo 75, mimi huanza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Dawa hukauka haraka kwenye joto, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kama tairi ulizopewa ni nyembamba, hapa ndipo pa kutumia zile elfu arobaini: Maxxis Minion DHF ya 2.5 mbele na Dissector ya 2.4 nyuma zinafaa mawe ya Ngong. Kwa matope, hakuna tairi inayoshinda udongo mweusi mvua ikinyesha. Siku hiyo baki nyumbani.

Hatua ya 7: Vingine, kwa mpangilio wangu

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe, kama haikuja nayo. Kisha duara la meno la mbele: ukitoa la meno 32 ukafunga la 30, gea zote zinakuwa nyepesi kwa takriban asilimia 6, na mnyororo kwa kawaida huachwa ulivyo. Usukani wa milimita 800 hukatwa kidogo kidogo kila upande, baada ya kuuendesha kwanza.

Breki: ukiwa na uzito mkubwa, weka diski ya 200 au 203 mbele, kama uma unaruhusu. Pedi za chuma hudumu kwenye matope, ila diski nyingine za bei nafuu zimeandikwa kuwa ni za pedi za rezini tu. Na tafadhali, mafuta ya breki ya gari, yale ya DOT, yasiingie kwenye breki za Shimano. Shimano hutumia mafuta ya madini. DOT huharibu mipira ya ndani.

Magurudumu ya kaboni? Subiri mwaka mmoja.

Hatua ya 8: Baada ya safari chache

Kaza tena bolti za viungo vya nyuma kwa namba zilizoandikwa kwenye fremu, hulegea mwanzoni. Watengenezaji wa shoki RockShox wanataka miguu ya uma ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta kila saa 50 za kuendesha, Fox saa 125. Kwenye vumbi letu mimi hufungua zote mapema kuliko hapo. Usiipeleke car wash: ile bomba ya presha husukuma maji ndani ya beringi na kutoa grisi. Ndoo, brashi laini na sabuni ya vyombo vinatosha. Kisha kausha mnyororo kwa kitambaa na utie mafuta tone moja kwa kila kiungo.