Ukiandika tasnifu ya ughaibuni kuhusu ziwa la nyumbani

Likizo ndefu ya vyuo vya Ulaya huangukia kati ya Juni na Septemba. Ndipo wengi wetu tunaposhuka Mwanza na dodoso mkobani, tukiwa na wiki chache za kukusanya data na tasnifu inayotungoja tukirudi. Mimi nilishuka hivyo hivyo nikitokea Norway, nikaenda moja kwa moja Igombe, mwalo (ufuko wa kushushia samaki) wa Ziwa Victoria, kuwatafuta wavuvi wa dagaa. Nikakuta mitumbwi imeegeshwa na vijana wamekwenda mjini. Mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki, mvuvi anapumzika au anashona nyavu. Nimezaliwa Mwanza, hilo nalijua tangu utotoni, lakini safari niliipanga kwa kalenda ya chuo nikaisahau ya ziwa. Katika siku 21 nilizokuwa nazo, 9 zilipotea.

Naanza na mwezi kwa sababu udanganyifu mwingi wa kitaaluma niliouona kwa wenzangu ulianzia hapo, kwenye muda uliokatika. Mtu amepanga mahojiano 30, amepata 17, ndege ni kesho. Usiku ule ndipo wazo la "kujaza" yaliyobaki linapokuja, na halimjii mtu mbaya, linamjia mtu aliyechoka. Andika 17. Eleza kwa nini ni 17. Msomaji makini anaiheshimu namba ndogo iliyoelezwa, na mahojiano 17 yaliyofanywa vizuri yanabeba tasnifu ya shahada ya uzamili bila shida, mradi swali lako si la kutafuta asilimia.

Vibali navyo vinataka muda. Tanzania kibali cha utafiti kinatolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti ukigusa afya za watu, hata kama ni maswali tu kuhusu kichocho mialoni, NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inahusika kwa upande wa maadili. Ukivuka kwenda Kisumu utaihitaji NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya. Ukienda Jinja au Entebbe, ni UNCST, baraza la sayansi la Uganda. Ruhusa ya kamati ya maadili ya chuo chako cha nje haichukui nafasi ya hizi, wala hizi hazichukui nafasi yake. Kisha barua inashuka ngazi kwa ngazi: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, kata, mtaa au kijiji, hadi mwaloni kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo. Anza miezi sita kabla. Kuna anayesema, "Mimi ni mtoto wa hapa, nitaongea na mjomba." Mjomba atakufungulia milango, ni kweli. Lakini jarida litauliza namba ya kibali, na aliyekueleza mambo yake anastahili kujua kuna ofisi gani ya kulalamikia endapo utamkosea.

Daftari

Wizi wa maandishi haupatikani tu kwa kunuia. Mimi uliniingia kupitia daftari. Nilikuwa nasoma makala juu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikanakili sentensi mbili nzuri bila alama za kunukuu wala namba ya ukurasa, nikaendelea. Miezi minne baadaye nikazikuta kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, nikaamini ni zangu. Msimamizi ndiye aliyezitambua. Aliniita ofisini akafunga mlango, na nilitumia saa nzima kumwonyesha kurasa za daftari ili aamini kwamba sikukusudia. Aliamini. Kamati isingelazimika kuamini.

Tangu siku hiyo kila ninachonakili neno kwa neno nakiandika kwa wino mwekundu, ndani ya alama za kunukuu, na ukurasa pembeni. Wazo langu naliandika kwa wino wa bluu. Kama unaandika kwenye kompyuta, tumia rangi hizo hizo, na programu ya bure kama Zotero ikutunzie marejeleo tangu siku ya kwanza ya kusoma. Usisubiri wiki ya mwisho.

Kisha kuna hili la "kuandika kwa maneno yako", ambalo wengi wetu tulifundishwa vibaya. Tuchukue sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano: "Kupungua kwa furu katika Ziwa Victoria kunahusishwa kwa kiasi kikubwa na kuongezeka kwa sangara katika miaka ya 1980." Mwanafunzi anaandika: "Kutoweka kwa furu ziwani Victoria kumefungamanishwa sana na ongezeko la sangara miaka ya themanini." Amebadilisha nguo tu, mwili ni ule ule, na hata akiweka jina la mwandishi mwishoni bado amechukua sentensi ya mtu. Funga makala. Tembea hadi dirishani ukajieleze kwa sauti, kana kwamba unamsimulia dada yako aliyeko Kirumba. Utajikuta unasema kitu kama: "Sangara waliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, wakaja kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na furu wakapungua kipindi hicho hicho. Fulani anawalaumu sangara. Wengine wanaongeza kwamba maji yalichafuka na oksijeni ikapungua chini." Hiyo sasa ni sentensi yako, na ndani yake umekwisha kulinganisha waandishi wawili. Taja wote wawili. Wazo la mtu linabaki lake hata maneno yakiwa yako.

Watu wa mwaloni

Hapa ndipo sisi tunaoandika juu ya nyumbani tukiwa mbali tunapobeba mzigo ambao mwenzetu wa Bergen anayeandika juu ya vitabu hana.

Kuondoa jina si kumficha mtu. Ukiandika "mwenyekiti wa BMU, mwanamke, miaka 52, kisiwa fulani cha Ukerewe", umemtaja mtu mmoja, na kila abiria wa kivuko anamjua. Mwaka 2018, Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilipopita, nyavu zilichomwa moto na watu wakatozwa faini. Mvuvi anayekuambia leo kwamba bado anavuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku, amekukabidhi kitu kizito, na tasnifu yako itawekwa kwenye intaneti ambako ofisa yeyote anaweza kuisoma. Mwandike kama "mvuvi mmoja wa Ilemela". Acha jina la mwalo, acha umri kamili, na kwenye sura ya mbinu useme wazi kwamba umeyaacha makusudi. Usibuni maelezo mengine ya kuziba pengo. Kupunguza kunaruhusiwa, kutunga hakuruhusiwi. Sauti ulizorekodi kwenye simu zilinde kwa nywila na uzifute tarehe uliyoahidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi ni jambo linaloguswa na sheria hiyo.

Ridhaa isomwe kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita pale inapobidi. Sema mapema kama kuna posho au hakuna. Mama anayeanika dagaa akikaa nawe saa moja kabla mawingu hayajafunga, amepoteza kitu. Nauli au fidia ndogo si rushwa ikiwa imeandikwa kwenye fomu, kamati imeiona, na anayekataa kujibu swali anaipata pia.

Tafsiri ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mama mmoja aliniambia, mkono wake ukigeuza dagaa walionyeshewa: "Hawa si wa watu tena, ni wa kuku." Nikarudi Norway nikaandika kwa Kiingereza, ndani ya alama za kunukuu, kwamba ubora wa dagaa hushuka wakati wa mvua. Msimamizi aliridhika. Mimi usiku nikasikiliza tena sauti yake na kuona kwamba nimemwekea mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Yeye alikuwa anazungumzia bei inayoporomoka dagaa wakigeuka chakula cha mifugo, na kazi ya siku mbili iliyopotea. Nilirudisha maneno yake kama yalivyo, Kiswahili kikatangulia, tafsiri ikafuata. Alama za kunukuu ziwekee tu kile mtu alichotamka. Kama ulipita kwa mkalimani, liandike hilo.

Na huyo mkalimani, au kijana aliyekutembeza mialo yote, naye ana haki yake. Kanuni za ICMJE, wahariri wa majarida ya tiba, zinazofuatwa hata nje ya tiba, zinamtaka mwandishi awe amechangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi. Ameandika au kurekebisha rasimu. Ameidhinisha toleo la mwisho. Na anawajibika kwa kazi hiyo. Zinasema pia kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki mengine. Mtumie rasimu. Wengi wetu tunamweka kwenye shukrani bila hata kumuuliza, ilhali ndiye aliyekuonyesha kwamba swali la tano halieleweki.

Kuhusu kununua kazi nitasema kwa ufupi. Najua zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, najua ada. Lakini huko England kuwauzia wanafunzi kazi za kuwasilisha kama zao ni kosa la jinai tangu 2022, na kwako wewe mnunuzi chuo kinaweza kukuondoa, na viza ya masomo hufuata masomo. Omba kuongezewa muda. Wasimamizi huombwa hivyo kila muhula. Akili mnemba nayo, soma kanuni ya chuo chako kwanza, utamke ulivyoitumia, na usikubali rejeleo lolote inalokupa mpaka umelifungua na kulisoma mwenyewe, kwani hubuni makala ambazo hazipo. Mahojiano ya watu usiyaweke humo kabisa kama hukuwaombea ridhaa hiyo.

Kurekebisha

Rasimu ikikamilika, iache siku saba. Ukirudi, anza na namba kabla ya lugha: kila takwimu irudishe kwenye chanzo chake, kidole kikiwa kwenye mstari. Tanzania ina takriban asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43, Kenya 6. Ni rahisi usiku kugeuza 43 kuwa 34, na kosa hilo litanukuliwa na atakayekufuata. Halafu soma hitimisho lako ukiuliza kama data inalibeba. Mahojiano ya Igombe na Kayenze hayakupi ruhusa ya kuandika "wavuvi wa Tanzania". Soma kwa sauti. Mpe mtu anayejua mada na mwingine asiyeijua, na uwashukuru kwa majina wakikubali.

Ukitaka kuchapa sura moja jaridani, sema kwamba inatoka kwenye tasnifu. Na jarida linalokuahidi kuchapa ndani ya siku tatu ukishalipa, liache.

Mwisho, tengeneza ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye ulichokipata, uuchape, uurudishe mwaloni, au umtume ndugu aupeleke kwa BMU. Angalia kalenda ya mwezi. Siku za mbalamwezi mitumbwi iko nchi kavu na watu wana nafasi ya kukaa kusikiliza. Mimi nilipeleka nakala kumi, na yule mama wa dagaa alimwomba mjukuu wake amsomee mstari wenye maneno yake, kisha asome tena.