Ghorofa la vijana Mwanza: mlima ufanye kazi ya lifti

Ukitaka kujenga ghorofa la kupangisha vijana hapa Mwanza usianze na mchoro, anza na kodi. Chukua kijana anaeingiza laki nne kwa mwezi, tuseme wa kiwanda cha minofu ya samaki, ukimkamua zaidi ya theluthi ya kipato atakaa miezi mitatu alafu anahama zake, kwahiyo weka 120,000. Mara miezi 12 mara miaka 15 ya kurudisha hela ya ujenzi ni milioni 21.6. Sasa chumba masta chenye jiko dogo na choo ndani kikiwa mita za mraba 24, ongeza 6 za ngazi na korido, jumla 30, gawanya, una 720,000 tu za kujengea kila mita ya mraba na hapo riba ya benki na miezi ya chumba kukaa kitupu hujaigusa. Hiyo namba iandike ukutani, fundi akija na stori za jipsam za mapambo muoneshe.

Kitu cha kwanza kinachomeza hiyo hela ni lifti, mana sio kuinunua tu, kuna sevisi na kuna jenereta siku umeme umekata, na wanaolipia yote hayo ni haohao wapangaji. Wa Shinyanga na tambarare yao hawana namna, sisi tunayo. Tafuta kiwanja cha mteremko, milima ya Isamilo, Igogo, Mabatini huko, chenye njia chini na njia nyingine juu yake. Jengo la floo saba ukiliingilia chini peke yake mtu wa mwisho anapanda sita, ila ukitoa daraja fupi la zege kutoka njia ya juu likaingia floo ya nne, hakuna atakaepanda wala kushuka zaidi ya tatu. Mlango wa chini nao ubaki, moto ukitokea watu wana pa kukimbilia pande mbili. Vyumba vya floo ya nne na ya chini kabisa wapewe kwanza wenye viti vya magurudumu. Fremu za biashara zikae njia ya juu kwenye watu, kodi yake inapunguzia vyumba mzigo. Na kati ya jengo na mlima usijaze kifusi hata kama fundi atakwambia ndo nafuu, acha uwazi na mfereji wa maana, mvua za huku zikishuka mlimani zinashuka na mchanga na mawe.

Alafu mawe yenyewe. Mwamba ni msingi wa bure kama ni mwamba kweli, shida ya Mwanza jiwe kubwa kuliko nyumba linaweza kuwa limekalia udongo tu na kwa macho huwezi kujua, kwahiyo lipa mtaalam achoronge mashimo KABLA ya mhandisi kupanga nguzo. Ukishaona ni mwamba, mashimo yanatobolewa humohumo, nondo zinachomekwa na zege linamwagwa juu. Jengo lifuate jiwe, usilazimishe jiwe lifuate jengo, kila unachopasua ni siku za vibarua. Yale ambayo lazima yatoke usiyatupe, ndo ukuta wa kuzuia udongo huo.

Ndani ni rahisi. Choo juu ya choo, jiko juu ya jiko, vyumba viwili vigawane bomba moja la kushuka, mlango wa kukagulia mabomba uwe koridoni ili fundi asiingie chumbani kwa mtu. Balkoni ya kutosha mtungi wa gesi na kamba ya nguo. Paking ya pikipiki, za magari chache tu.

Madirisha hapo watu wanakosea sana kwasababu ya kutaka kuliona ziwa. Tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua linachoma mashariki na magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Ziwa likiwa magharibi yako, sawa weka dirisha lakini balkoni iwe ya kina iweke kivuli, la sivyo saa kumi jioni chumba hakikaliki. Weka wavu pia, wale wadudu wa ziwani wakifuata taa utafagia asubuhi nzima.

Maji: kila mita 10 za kwenda juu zinakula presha ya bar moja, usitegemee bomba la mtaani kufika floo ya saba. Tanki chini, pampu, tanki juu. Ila ukiwa na nafasi upande wa mlima weka tanki la pili huko juu badala ya darini, zege linapungua uzito. Paa la mita 200 za mraba kwa mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka linapokea kama lita laki mbili kabla hujatoa zinazopotea, hizo zifulie na kuflashia vyoo. Kila chumba LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla), na pampu iwe na LUKU yake peke yake, ugomvi wa wapangaji wengi unaanzia hapo.

Makaratasi: kibali ni Halmashauri ya Jiji au Manispaa ya Ilemela kutegemea ulipo, kila mtaalam awe kasajiliwa na bodi ya fani yake, msanifu AQRB, mhandisi ERB, mkandarasi CRB, na ukiwa karibu na ziwa acha mita 60, sheria ya mazingira ya 2004 haichezewi. Kama mnajenga kikundi mkitaka kila mtu amiliki flati yake, sheria ya 2008 inaruhusu hati ya kila sehemu ya jengo, ila mkubaliane mapema nani analipia ngazi, paa na ile LUKU ya pampu.