Kupanga Boma la Farasi na Mbwa Katika Nyanda za Juu

Anayehamia shamba akiwa na farasi wawili na mbwa watatu huanza kwa kuhofia teke na meno. Hofu hiyo si ya bure, lakini kwa jinsi nilivyoishi na wanyama hawa Laikipia, nchini Kenya, ambako punda milia hulisha hadi kwenye ua, naona kwamba madhara makubwa hutoka kwingine: hutoka stoo, ambamo dawa au chakula cha mnyama mmoja huweza kuwa sumu kwa mwenzake, na hutoka katika saa ya magharibi, wakati mwenye boma ameshachoka na milango imeachwa wazi. Kwa sababu hiyo, shughulikia mlango wa stoo kabla hujafikiria urembo wa zizi.

Mlango huo ufungwe kwa ufunguo, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Mimi huuvaa shingoni, jambo ambalo majirani hulicheka. Dawa ya minyoo ya farasi yenye ivermektini, ambayo huuzwa kama uji mzito ndani ya bomba, ndiyo ya kuchungwa zaidi. Bomba moja hupimwa kwa mnyama wa kilo 600 hivi, ilhali mbwa wako huenda hafiki kilo 25, na baadhi ya mbwa wa kuchunga kondoo, hasa kolai na jamaa zake, wana kasoro ya kurithi inayoifanya dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo. Farasi naye ana tabia ya kutema sehemu ya dozi, kwa hiyo wafungie mbwa unapompa, mshikilie kichwa mpaka ameze, kisha uokote kila tone lililoanguka chini. Dawa hiyo hutoka pia na samadi kwa siku kadhaa, na kwa kuwa hakuna mbwa asiyeionja samadi mbichi, zoa zizi asubuhi na jioni na upeleke mavi kwenye shimo lenye uzio.

Kwa upande wa farasi, hatari iko kwenye vyakula na dawa za mifugo mingine. Chakula cha kuku wa nyama au cha ng'ombe kilichotiwa monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, huharibu moyo wa farasi hata akila kidogo, hivyo usikubali gunia lililofunguliwa wala debe lililotumika kupimia chakula cha kuku. Vilevile, dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, ambayo wengi wetu tunayo kwa ajili ya kupe, isimguse farasi kabisa, kwa maana hupunguza mwendo wa utumbo na kumletea msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika; akianza kugaagaa, kuutazama ubavu wake na kukataa chakula, mwondolee chakula na umwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, badala ya kumnywesha dawa za kienyeji.

Kuwazoesha wanyama hawa wao kwa wao ni kazi ya wiki kadhaa. Mfundishe mbwa kwanza kukaa na kuja anapoitwa, mbali na farasi, kisha umlete akiwa na kamba hadi nje ya uzio, dakika 10 kwa siku, na umtuze kila anapogeuza macho kutoka kwa farasi na kukutazama wewe. Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, na mbwa anayejipenyeza hapo huonja kwato kabla hajabweka. Mbwa anayefukuza farasi kwa mchezo ni mbaya kuliko mbwa mkali, kwa sababu farasi aliyeshtuka hukimbia bila kuangalia mbele, na seng'enge humchana vibaya mno. Palipo na farasi, tumia nguzo na fito.

Chakula chenyewe hakina siri kubwa. Farasi wa kilo 400 huhitaji kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 20 hadi 40, zaidi siku za jua kali. Kwato hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na siku hiyo mbwa watamzunguka fundi wakigombea vipande. Wazuie, kwani misumari iliyong'olewa hufichika humo.

Kuhusu chanjo, kichaa cha mbwa kisichukuliwe kwa mzaha. Mchanje mtoto wa mbwa anapofikisha miezi 3 na urudie kila mwaka, ukikumbuka kwamba farasi akiumwa na mbwa mwenye kichaa huugua pia. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watu wa boma wawe na kinga ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa kwenye udongo wenye samadi, na farasi naye achanjwe.

Inabaki jioni. Homa ya farasi ya Afrika huenezwa na usubi, ambao huuma zaidi kuanzia machweo hadi macheo na huzidi baada ya mvua, na punda milia hubeba virusi vyake bila kuonyesha ugonjwa. Chanjo ya kila mwaka ni ya lazima kwetu, lakini haitoshi peke yake: farasi waingizwe zizini jua likiwa bado juu, na madirisha yawe na wavu wenye matundu madogo sana. Farasi akifa kwa homa hiyo, azikwe kwa kina, maana mbwa akila nyama yake mbichi huambukizwa. Farasi wakishaingia, waite mbwa nao walale ndani ya ujia wa zizi au nyumbani, kwa sababu chui hupenda sana nyama ya mbwa. Hesabu vichwa vyote kabla ya kufunga komeo.