Nani hasa analipwa? Kusafisha orodha za ruzuku ya kilimo za Umoja wa Ulaya

Hatua ya 1: Pakua
Kila nchi mwanachama hutakiwa kuchapisha orodha ya waliolipwa kufikia tarehe 31 Mei, na taarifa hizo hukaa mtandaoni miaka 2 tu. Pakua mapema, faili asilia usiliguse, fanyia kazi nakala. Mwaka wa malipo huanza 16 Oktoba na kuisha 15 Oktoba, kwa hiyo "2023" ni fedha zilizoanza kutoka Oktoba 2022.

Hatua ya 2: Fungua bila kuharibu
Usibofye mara mbili faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tu). Excel itakata sifuri ya mwanzo: postikodi ya Leipzig, 04109, inageuka 4109. Ingiza data kwa menyu yake, postikodi ziwe maandishi. Ukiona "MÃ¼ller" pale panapopaswa kuwa Müller, usimbaji (jinsi herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili) umekosewa, chagua ule uitwao UTF-8. Kwa Wajerumani 12.450,75 ni yuro elfu kumi na mbili na zaidi, lakini programu iliyopangwa Kiingereza inaweza kuisoma kuwa yuro kumi na mbili. Poland na Sweden hutumia sarafu zao wenyewe, kwa hiyo usizijumlishe na yuro kabla ya kubadilisha.

Hatua ya 3: Unganisha majina
Hapa ndipo siku nzima huishia. Mlipwaji mmoja ana mistari mingi, mmoja kwa kila aina ya malipo, na jina lake si lazima liandikwe vilevile mwaka hadi mwaka: Müller, Mueller, jina la ukoo mbele, jina la ukoo nyuma. Tumia OpenRefine, programu ya bure ya kusafisha data, kwa njia yake ya "fingerprint" ya kukusanya majina yanayofanana, ambayo haijali mpangilio wa maneno wala herufi kubwa. Kuunganisha kwa macho kwenye lahajedwali ni kujitafutia makosa. Ila usikubali mapendekezo yote kwa mkupuo, yapitie moja moja.

Usifute viambishi vya kampuni (GmbH ya Ujerumani, Sp. z o.o. ya Poland, S.L. ya Hispania) ili majina yafanane. Müller mtu na Müller GmbH ni walipwaji wawili kisheria, hata wakiwa shamba moja. Ufunguo wa kuunganishia uwe jina, aina ya kampuni na manispaa kwa pamoja; jina pekee litawafanya wakulima wawili wasiojuana kuwa mmoja. Ufaransa, GAEC ni wakulima wawili au zaidi wanaolima pamoja, kwa hiyo kiasi chake kikubwa usikilinganishe na cha mtu mmoja. Kanuni za sasa zinataka pia kampuni mama itajwe pale mlipwaji ni sehemu ya kundi la kampuni. Safu ya kampuni mama iweke kando kama ngazi ya pili, usiichanganye na ya mlipwaji mwenyewe.

Angalia na safu za jumla. Faili likiwa na safu ya kila mfuko wa fedha za ruzuku pamoja na safu ya jumla, ukijumlisha zote umehesabu mara mbili.

Hatua ya 4: Wasio na majina
Anayepata yuro 1,250 au chini yake kwa mwaka hatajwi. Huwekwa kwa msimbo. Usimfute! Ukimfuta, wastani unapanda na wakubwa wanaonekana kuchukua sehemu kubwa kuliko ukweli. Manispaa yenye walipwaji wachache mno nayo hubadilishwa kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo ramani ya vijiji itakuwa na matundu. Ulinzi huu wa watu binafsi ulikuja baada ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 9 Novemba 2010, kubatilisha uchapishaji wa majina yao wote bila kuchuja.

Hatua ya 5: Panga
Chuja kwa aina ya malipo kabla ya kuandika "mkulima anayeongoza". Kileleni mara nyingi utakuta vyama vya wazalishaji wa matunda na mboga au taasisi za umma, si mtu mwenye trekta. Kwa wakulima, baki na malipo ya moja kwa moja, yaani ruzuku anayopewa mkulima mwenyewe; nayo humfuata anayelima, si lazima mwenye ardhi.